Baiskeli mjini Dar: barabara kuu, njia ya pembeni au mitaa ya ndani?

Mtu anayekaa Ubungo, Sinza au Manzese na kufanya kazi Kariakoo au Posta ana njia tatu za kufika mjini kwa baiskeli. Anaweza kubaki barabara kuu pamoja na magari. Anaweza kushika ile njia ya pembeni iliyojengwa kando ya barabara ya mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake. Au anaweza kupenya mitaani, nyuma ya barabara kuu, akatokea mbele. Kila ninapoegesha baiskeli hakosekani wa kuniuliza ipi kati ya hizo ni salama, na wengi huja na jibu lao mkononi: njia ya pembeni, kwa kuwa imejengwa kwa ajili ya baiskeli, au barabara yoyote ile ilimradi haina foleni.

Mimi nazipima kwa mambo mawili. La kwanza ni kasi ya magari yanayonipita. La pili ni mara ngapi njia yangu inakatana na njia ya gari: makutano, milango ya sheli, maegesho, vituo vya daladala. Wingi wa magari nauweka nyuma kabisa. Nianze na sababu, kisha tuziweke njia hizo bega kwa bega.

Kasi kabla ya wingi

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona ghafla, sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka na kuhamisha mguu, na gari bado liko kwenye kasi ileile. Ndipo breki zianze kazi, na hata lami ikiwa kavu zinahitaji mita nyingine kama hizo hadi gari lisimame. Kwa kilomita 30 kwa saa mambo ni mengine: sekunde ya kushtuka inakula mita 8, breki zinakula tano au sita, basi. Chukua madereva wawili, mmoja wa 30 na mmoja wa 50, wote wakuone ukiwa mita 14 mbele yao. Wa 30 anasimama mbele yako, pengine kwa kukugusa gurudumu. Wa 50 anakufikia wakati mguu wake ndiyo kwanza unakanyaga breki.

Shirika la Afya Duniani linasema kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Ripoti yake ya 2023 ilihesabu vifo milioni 1.19 barabarani duniani kwa mwaka mmoja, na zaidi ya nusu ya waliokufa ni waenda kwa miguu, waendesha pikipiki na waendesha baiskeli. Ukilinganisha na idadi ya watu, kanda ya Afrika inaongoza kwa vifo hivyo, ingawa magari yetu ni machache kuliko ya mabara mengine. Hapa Tanzania sheria imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Mchana foleni inawalazimisha madereva kukiheshimu. Usiku, barabara ikiwa tupu, wengi wanakivuka.

Ndiyo maana siogopi sana foleni ya saa 1 asubuhi. Magari yanatambaa, na ukigongwa utachubuka, pengine utavunjika mkono. Barabara iliyo tupu saa 4 usiku ndiyo ninayoikwepa, hata kama inaonekana ya raha.

Barabara kuu pamoja na magari

Barabara kuu ina sifa zake na si haki kuzificha. Lami ni nzuri, njia imenyooka, na kwenye makutano uko pale pale ambapo dereva anatazama. Anayetoka mtaani anatafuta magari yanayokuja barabara kuu, kwa hiyo na wewe anakuona. Kwa mtu mwenye miguu, anayeweza kwenda kilomita 20 au zaidi kwa saa, foleni ya Morogoro Road asubuhi inapitika kwa usalama kuliko inavyoonekana kutoka dirishani mwa basi. Pia tangu mwendokasi ilipoanza Mei 2016, daladala zimepungua sana kwenye kipande cha Kimara hadi mjini, na hilo peke yake limeondoa sehemu kubwa ya misukosuko.

Lakini barabara kuu hazifanani. Barabara ya Mandela sikushauri hata kidogo. Ndiyo njia ya makontena kutoka bandarini kwenda Ubungo, na kutoka hapo safari ya Zambia, Kongo na Rwanda. Lori refu lina jambo moja ambalo kila mwendesha baiskeli inabidi alijue kabla hajaweka mguu kwenye pedali.

Lori la trela linapotaka kukunja kushoto, kichwa chake huenda mbele kwanza, hata kulia kidogo, ili trela lipate nafasi ya kuzunguka. Wewe ukiwa kushoto kwake unaona pengo linafunguka, unadhani umepewa njia. Kisha kichwa kinakata kushoto. Magurudumu ya nyuma ya trela hayapiti pale yalipopita ya mbele; yanakata kona kwa ndani. Pengo la mita mbili linakuwa mita moja, linakuwa nusu, halafu unabaki wewe, ukingo wa zege na tairi. Dereva amekaa juu, upande wa kulia, na pembe ya mbele kushoto ya lori lake haionekani kutoka kwenye kiti chake hata akitaka kuiona. Usilipite lori kwa kushoto, hata likiwa limesimama kwenye mataa, hata kama bodaboda kumi wamepita mbele yako. Kama uso wa dereva huuoni kwenye sait mira yake, naye hakuoni.

Barabara zenye daladala nyingi, kama Uhuru na Kawawa, zina hatari ya aina nyingine, na bahati nzuri hii inasikika kabla haijaonekana. Abiria akisema "Shusha!" au konda akigonga bodi, gari linakuja kushoto, iwe pana kituo au hapana. Likiwa linakupita wakati huo, wewe ndiye utakayebanwa. Shika breki ukisikia sauti ile, usingoje indiketa. Na ndiyo sababu sivai spika za masikioni nikiwa barabarani.

Kuna swali dogo ndani ya hili kubwa: ukishaingia barabara kuu, ukae ukingoni kabisa au uingie ndani ya njia? Wengi wetu tumefundishwa kujibana ukingoni. Kule ndiko unakokutana na mchanga, chupa zilizovunjika, vizuizi vya mitaro vyenye matundu yanayomeza tairi jembamba, na pia milango ya magari yaliyoegeshwa. Zaidi ya hayo, ukijibana unamwonyesha dereva kwamba anaweza kukupita bila kuhama njia yake, wakati nafasi haitoshi. Mimi nakaa kama mita moja kutoka ukingoni, na njia ikiwa nyembamba, kwenye daraja au mahali palipochimbwa, nashika katikati hadi nipite. Utapigiwa honi. Aliyekupigia honi amekuona, na anayekuona hakugongi kirahisi. Ukishavuka pale pembamba, rudi kushoto, mpungie mkono.

Usichanganye haya na njia yenyewe ya mwendokasi. Inavutia: tupu, laini, imenyooka hadi Kivukoni. Mabasi yake marefu yana urefu wa mita 18, yanakuja kwa kasi, na kwenye vituo umefungiwa kati ya jukwaa na basi bila pa kukimbilia. Kuingia humo pia ni kosa kisheria. Sina zaidi la kusema juu ya njia hiyo.

Njia ya pembeni

Mradi wa mwendokasi ulikuja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli kandokando ya Morogoro Road, na zilichangia Dar es Salaam kupata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Ni jambo la kujivunia. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, umepigania njia kama hizi kwa miaka mingi, na pale zilipo wazi ni msaada mkubwa: kipande kirefu kisicho na barabara ya kuingia, mzazi anaweza kumpitisha mtoto bila moyo kwenda mbio. Ukipima kwa kasi ya magari yanayokupita, njia hii inashinda bila ubishi, kwa kuwa hakuna gari linalokupita.

Tatizo liko kwenye kipimo cha pili. Kila mtaa unaoingia barabara kuu unaikata njia ya pembeni. Kila sheli, kila geti la duka kubwa, kila uwanja wa kuegesha magari unaikata. Na hapo hakuna dereva anayetarajia baiskeli. Anayetoka barabara kuu kukunja kushoto ametoka kuangalia taa, gari la mbele na bodaboda wa kulia kwake; wewe uko nyuma ya mti, nyuma ya kibanda, nyuma ya gari lililoegeshwa, na unatokea ghafla kwenye pembe. Dereva huyo na mwendesha baiskeli huyo wote wana uhakika wa njia yao. Ndipo watu wanapogongwa.

Ni mbaya zaidi ukienda kinyume. Njia ya pembeni ina kishawishi hicho, maana kuvuka barabara yenye mwendokasi katikati ni usumbufu, kwa hiyo mtu anaona bora aende upande huohuo hata kama uelekeo si wake. Fikiria dereva anayetoka mtaani Manzese anataka kukunja kushoto kuingia Morogoro Road. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo magari anayoyahofia yanatoka kulia kwake. Shingo yake imegeukia kulia, anangoja upenyo, na akiupata anaondoka huku bado anatazama kulia. Wewe unatokea kushoto. Sijaona kosa la kawaida kama hili katika mji huu, na linafanywa na watu waangalifu ambao wasingethubutu kukata mataa.

Halafu kuna hali ya njia yenyewe. Vijiwe vya bodaboda viko hapo kwa sababu abiria wanashukia hapo. Machinga wakihamishwa hurudi kwa sababu hiyohiyo, na siwalaumu wanaotafuta riziki pale wateja walipo. Mji ndio uliopaswa kuwapa sehemu karibu na kituo. Matokeo ni kwamba mwendesha baiskeli anashuka barabarani ghafla, anazunguka meza ya viatu, anapanda tena. Kule kushuka na kupanda ni hatari kuliko kubaki barabarani moja kwa moja, kwa sababu kila unaposhuka unamshtua dereva aliyekuwa hajui kama upo. Ongeza mifuniko ya mitaro iliyoibwa, nguzo katikati ya njia, na watu wanaotoka kituoni wakiwa wameinamia simu.

Kwa hiyo njia ya pembeni naitumia kwa masharti. Naenda uelekeo wa magari tu. Mwendo wangu haupiti wa mtu anayekimbia polepole. Kila panapoingia mtaa nasimamisha pedali na kumtafuta dereva kwa macho kabla sijavuka. Na nikiona mbele pamezibwa, nashuka barabarani mapema, mahali pa wazi ambapo naonekana, nakaa humo hadi kizuizi chote kiishe.

Wasomaji wa Nairobi wataijua hali hii kwa jina la Thika Road. Barabara ile ilipozinduliwa 2012 ilikuwa na njia ya baiskeli iliyotengwa kabisa, na kwenye vipande virefu ni nzuri. Inapofika kwenye steji za matatu na maingilio ya magari, hesabu ni ileile ya Morogoro Road.

Mitaa ya ndani

Hapa ndipo kura yangu ilipo kwa watu wengi, ingawa si wote.

Sinza, Kijitonyama, Tandale, Mwananyamala, Magomeni: mitaa hii ina matuta, mashimo, watoto, kuku, mama anauza vitumbua kwenye kona na fundi ametandaza pikipiki nzima njiani. Ukiitazama kwa haraka ni vurugu. Ukipima kasi, magari mengi hayafiki kilomita 30 kwa saa kwa sababu hayawezi. Dereva wa mtaani anatarajia kila kitu kumtokea mbele, kwa hiyo anatarajia na baiskeli. Gari likikugusa hapa, uwezekano wa kusimama na kusuguana kwa maneno ni mkubwa kuliko wa kubebwa kwenda hospitali ya Muhimbili.

Gharama yake ni muda na uchovu. Kutoka Ubungo hadi Posta kwa Morogoro Road ni kama kilomita 10. Ukipitia mitaani unaongeza kilomita mbili au tatu, na mwendo unapungua. Mtu anayetumia dakika 40 barabara kuu ajiandae kwa karibu saa nzima. Kwa anayesaini kazini saa 1 na nusu, hilo ni jambo kubwa.

Na mitaa ina hatari zake ambazo barabara kuu haina. Ya kwanza ni mtaro wazi. Barabara nyingi za mitaani zina mtaro wa zege kina cha mita moja au zaidi, umegusana na lami bila ukingo wowote. Bajaji ikikusukuma kidogo, unaangukia humo. Mahali penye mtaro nahamia katikati ya barabara bila kuomba radhi kwa mtu. Ya pili ni kona za kuta: nyumba zimejengwa hadi mwisho wa kiwanja, ukuta umefika barabarani, na bodaboda anaitokea kona akiwa upande wako. Piga kengele kabla ya kona, na ukate kona za kulia kwa upana. Ya tatu ni mchanga juu ya lami baada ya mvua. Usiinamishe baiskeli wala kushika breki ya mbele ukiwa juu yake.

Ya nne imekuja na maendeleo. Mradi wa DMDP, ule wa kuboresha miundombinu ya Dar, umeweka lami nzuri kwenye barabara nyingi za mitaani, na pale ambapo matuta ni machache lami hiyo imeleta mwendo. Barabara pana ya mtaani iliyonyooka, yenye lami mpya na taa, usiku inageuka barabara kuu isiyo na trafiki. Kwa hiyo usichague mtaa kwa jina lake la mtaa. Simama pembeni dakika chache, tazama magari yanavyopita, kisha amua.

Sitaacha kusema kuhusu vibaka. Kwenye vichochoro visivyo na taa, baada ya saa 2 usiku, hesabu yangu ya magari haina maana. Mwanamke anayerudi peke yake ana haki ya kuchagua barabara yenye watu na taa hata kama magari yake yana kasi zaidi, na asibebeshwe lawama kwa hilo.

Bonde ambalo halikwepeki

Anayetoka upande wa Kinondoni kwenda mjini, hata akipita mitaa yote anayoijua, atafika Bonde la Msimbazi, na bonde lina madaraja machache. Kuna Jangwani kwenye Morogoro Road, Salender kwenye Ali Hassan Mwinyi, na Tanzanite baharini. Hapo mitaa inaisha na barabara kuu inaanza, upende usipende.

Salender ina magari yenye mwendo na madereva wanaobadilisha njia hadi dakika ya mwisho. Tanzanite ni nzuri kwa macho lakini kwa mtu wa Ubungo ni kuzunguka mno. Jangwani ndiyo ninayoichagua, kwa sababu bondeni mitaa inayoingia ni michache mno: njia ya pembeni pale haikatwikatwi na magari, na hicho ndicho kipande ambacho njia ya pembeni inastahili sifa zake zote. Isipokuwa mvua. Masika na vuli maji yakijaa, Jangwani hufungwa, na hata kabla haijafungwa maji huficha shimo na mfuniko uliong'oka. Siku kama hiyo baiskeli ibaki nyumbani.

Jua na giza

Jambo hili watu hawalitaji, nami naliona kila siku. Kutoka Ubungo kwenda Posta unaelekea mashariki. Asubuhi jua liko machoni mwa dereva anayekuja nyuma yako, na kioo chake kina vumbi. Jioni unarudi magharibi, na jua limehamia huko, machoni mwake tena. Yaani safari zote mbili unaendesha mahali ambapo dereva anaona mwanga mtupu. Kwenye foleni hilo halina uzito. Kwenye barabara inayokwenda kasi, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, na kati ya saa 11 na saa 12 na nusu jioni, ndiyo sababu nyingine ya kupenda mitaa, ambako nyumba na miti inakata jua.

Kisha giza. Dar iko karibu na ikweta, mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni na giza linaingia haraka. Anayetoka kazini saa 11 akachelewa kidogo kwa mazungumzo, atamalizia safari gizani. Taa ya nyuma nyekundu na rifleta safi ni lazima kwa njia zote tatu, lakini kwa barabara kuu usiingie bila hizo hata siku moja.

Tofauti ya mwendeshaji

Kijana mwenye baiskeli ya gia, breki nzuri na miguu ya mazoezi anaweza kuchagua barabara kuu wakati wa foleni na asiwe amekosea. Mwendo wake unakaribia wa magari, na hilo linamsaidia.

Mzee au mama mwenye baiskeli ya Phoenix na mzigo kwenye karia asilinganishwe naye. Breki za vyuma kwenye ringi za chuma hushika vibaya sana zikilowa, na mzigo unafanya baiskeli iyumbe mwanzoni kila inapoondoka. Kwake, kila kusimama na kuondoka kwenye barabara kuu ni hatari, kwa hiyo mitaa. Mwenye mtoto kwenye karia pia mitaa, na akifika makutano makubwa ashuke. Anayevaa dera, kanga au baibui aombe fundi amfungie kinga ya mnyororo na wavu kwenye gurudumu la nyuma; nguo ikinaswa kwenye spoku huna usukani tena.

Mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, hana chaguo kubwa, maana njia ya pembeni mara nyingi haimtoshi kwa upana. Akae barabarani, ndani ya njia, aweke kitambaa cheupe au rifleta pembe zote mbili za nyuma, na asafiri foleni ikiwepo. Foleni ni rafiki yake.

Helmeti? Vaa. Haitakusaidia mbele ya trela, lakini kuanguka wenyewe kwenye mchanga au mlango wa gari ndiyo ajali nyingi tunazozipata, na hapo kichwa kinagonga lami. Ila kama leo una fedha ya kitu kimoja tu, anza na breki kwa fundi.

Ubungo hadi mjini, kipande kwa kipande

Nikiambiwa nimchoree mtu njia, ningemtoa Ubungo kwa Shekilango hadi Sinza, kisha Tandale kwa Mtogole, hadi Magomeni, yote kwa mitaa. Makutano ya Magomeni, ambako Kawawa inaikata Morogoro Road na mabasi ya mwendokasi yanakunja kwenda kituo cha Morocco, ayavuke akiwa ameshuka, kwenye kivuko cha miguu. Baada ya hapo ashike njia ya pembeni ya kushoto hadi avuke Jangwani.

Anayefika Fire, pale Morogoro Road inapokutana na Umoja wa Mataifa na Msimbazi, ana mambo mawili. Wa Posta akunje kushoto aingie Umoja wa Mataifa, kisha azame Upanga, ambako mitaa ni tulivu na ina vivuli, atokee mjini kwa nyuma. Mjini kwenyewe, barabara kama Samora zina magari yaliyoegeshwa mfululizo, kwa hiyo apite mbali na milango kwa mita moja na nusu, na akiona kichwa cha mtu ndani ya gari ajue mlango huo unaweza kufunguka.

Wa Kariakoo asijaribu kukunja kulia Fire kutoka katikati ya barabara. Avuke moja kwa moja kwanza hadi pembe ya mbele, asimame hapo, ageuze baiskeli, kisha avuke mara ya pili pamoja na wale wanaoelekea Msimbazi. Ni dakika mbili zaidi. Akishaingia Msimbazi na kufika usawa wa Mkunguni, ashuke asukume. Kati ya mikokoteni, kirikuu za mizigo na wabebaji wenye marobota kichwani, hakuna baiskeli inayokwenda haraka kuliko mtu anayetembea, na anayeisukuma anapishwa: "Pita kaka, pita."